Trekta Uliyotuambia Imekufa

Baba,

Leo sikuamkii. Trekta yako imewaka, na nimeona uambiwe na mimi.

Nilikuwa darasa la tano mama alipojifunza kuiendesha. Ulimfundisha mwenyewe, mkicheka, hapa hapa kwetu Matiri, halafu akakupita. Watu wakaanza kuja mlangoni wakati wa kulima na kuuliza, "Mama Sabina yupo?" Wewe hawakukuulizia. Nakumbuka ulivyowajibu bila kuinua macho kwenye sahani.

Msimu uliofuata ukatutangazia, "Injini imekufa. Asiiguse mtu."

Mama akarudi kwenye jembe. Shamba lote la bondeni, yeye na sisi watoto, mvua ikitupiga, wewe umekaa barazani unatutazama. Mimba ilimharibikia mule mule kwenye matuta. Ukasema ni mapenzi ya Mungu.

Ulipokufa, baba mdogo alikuvua rozari shingoni kabla ya kukuosha. Ilikuwa na ufunguo wa kufuli la tangi la dizeli. Nikauchukua, nikijua tu kwamba ulikuwa hutaki tuushike.

Mwezi uliopita nilimwita fundi kutoka Mbamba Bay. Pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Akamimina mafuta, tukaziacha ziloweke mpaka zikalegea. Nikafungua kufuli la tangi kwa ufunguo ule, tukatia dizeli, tukafunga betri mpya. Haikuwaka. Akafungua bomba linalotoka kwenye tangi, akavuta kwa waya kitu cheusi, akakisuuza.

"Dada, hii haikufa," akasema. "Ilizibwa."

Kilikuwa kipande cha kitenge. Mama akakipokea, akakigeuzageuza mkononi.

"Hiki changu," akasema taratibu. "Ndicho nilichokuwa navaa nikiendesha."

Hakuna aliyetaja jina lako. Fundi aliinama akajifanya anatafuta spana.

Ilipowaka, moshi mweusi ulijaa uani na kuku wakatawanyika. Fundi akashuka nayo bondeni. Mama, ambaye siku hizi hawezi kunyoosha mgongo, nilimwekea kigoda kando ya shamba. Ugali wa mchana ulikuwa haujaiva, shamba limekwisha. Nilidhani atapiga vigelegele.

"Kumbe ilikuwa hivi tu?" akaniuliza. Kisha akalia, akalia mpaka nikaogopa.

Siku ya mazishi yako nililia mpaka nikazimia, baba. Wanawake wawili walinishika nisitumbukie kaburini. Machozi yale yananiuma sasa kama kitu nilichoibiwa. Nilikuwa namlilia nani? Tulikuhurumia kwa trekta yako iliyokufa. Mama alikuwa akikuchagulia kipande cha nyama kilicho laini, kwa mikono iliyotoka malengelenge kwa ajili yako, na wewe ukakila.

Sasa anataka tukutolee misa. Ataenda, ana moyo huo, hata wewe hukuweza kuumaliza. Mimi sitaenda. Wengine watakuombea upumzike. Mimi nakuombea ukae macho.

Ni mimi binti yako, maana hilo siwezi kulifuta,

Sabina