Ushuhuda wa Maji ya Majivu

Jumapili, 11 Juni 1967
Nimekaanga mandazi, nimefunga hoteli, nimekwenda kanisani. Kama kila Jumapili. Ila leo nilisimama nikatoa ushuhuda. Mimi ni mtu wa bahati, hakuna ubishi. Miaka saba nimepika kwenye behewa la chakula, Mombasa mpaka Kampala, nimelisha wazungu na mahakimu, sijaunguza hata yai. Na sasa kiungulia, ule moto wa kifuani ulionitesa tangu siku za reli, kimezimika. Siku tatu za maombi na munyu, yale maji ya majivu tunayopikia mboga, kikombe kimoja kila asubuhi. Basi. Kimekwisha. Hivyo ndivyo nilivyosema mbele ya Busia nzima. Vigelegele! Mchungaji alinikumbatia. Hata Okumu, fundi cherehani wa pale barazani kwangu, anayecheka kila ninachosema, alifuta machozi.
Nilisema vizuri sana. Ningesoma kupita darasa la tano ningekuwa mbunge.

Jumatatu, 12 Juni
Wanawake watano wamekuja na chupa kuomba munyu. Nimewapa bure, wote. Mke wangu, Mama Nekesa, anauliza mboga zake atapikia nini. Mchana nimekula samaki wa pilipili mbele ya madereva, waone mtu aliyepona anavyokula. Jioni nimetafuna vidonge viwili vyeupe, vile vya duka la dawa la Tororo. Si kwamba kifua kinauma. Tahadhari tu. Bati la vidonge liko nyuma ya gunia la unga. Hakuna alijuaye.

Jumanne, 13 Juni
Mama Nekesa ameuliza kwa nini matofali ya kuzuia moto usipande kifuani bado yako chini ya kitanda upande wa kichwa, kama kweli nimepona. Anasema kila siku anaamka ameteremka mpaka miguuni kama gunia la mihogo. Nimemwambia Mombasa wote wanalala hivyo.

Jumatano, 14 Juni
Leo Okumu alikuwa aende Tororo. Daktari alimwandikia karatasi, akapigwe picha ya tumbo. Naye ana moto wa tumbo, mkubwa kuliko wangu. Amekonda, suruali aliyojishonea mwenyewe inamvuka. Lori likapiga honi. Hakuinuka kwenye cherehani.
"Fundi, gari hilo!"
"Liende. Wewe ulipigwa picha gani, Mpishi?"
"Mimi tumbo langu la reli. Lako la kijijini kwenu Buhehe."
"Kwani Mungu wa reli na wa Buhehe ni wawili?"
Madereva wakaangua kicheko. Akainua kikombe cha munyu, akanywa kama soda. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikarudi jikoni kugeuza mandazi.

Alhamisi, 15 Juni
Nampikia Okumu uji laini na ndizi mbivu. Anakula kidogo. Ameniambia choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Eti ni majivu yanatoka na ugonjwa. Nilitaka sana kumwamini.
Nimekwenda kwa mchungaji. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kama aliyeombewa anaruhusiwa hospitali. Alinishangaa. Mke wake mwenyewe alizalia hospitali, huku yeye akiomba nje ya mlango. Hajamwambia mtu aache daktari.
Basi aliyemwambia Okumu ni nani? Naogopa. Vidonge vinne leo.

Ijumaa, 16 Juni
Nimemwambia Okumu aende, karatasi bado anayo. Akaniuliza kwa sauti kama nimeanza kumwonea Mungu aibu. Hoteli imejaa, masikio yote kwangu. Hapo ndipo ningesema. Nikatania kwamba nataka tu kiti chake kwa ajili ya mteja mnene. Wakacheka. Okumu alicheka kuliko wote, ameshika tumbo.
Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 17 Juni
Saa nne asubuhi Okumu ameangukia cherehani. Ametapika damu, nyeusi kama machicha ya kahawa, juu ya gauni la harusi la mteja. Nikambeba mwenyewe. Mzito hata kidogo hakuwa. Lori tupu lilikuwa linakwenda Tororo kupakia saruji, tukapanda nyuma, kichwa chake mapajani mwangu.
Njiani nikamwambia. Vidonge, bati, matofali, yote. Injini ilikuwa inanguruma, nikarudia kwa kupiga kelele mpaka utingo akageuka kunitazama. Okumu alikuwa amefumba macho. Sijui kama alisikia.

Jumapili, 18 Juni
Tororo. Kidonda cha tumbo. Wamesema angechelewa siku moja zaidi wasingempokea mtu, wangepokea maiti. Wanamwongezea damu. Yangu imemfaa, wamenitoa chupa. Sikufanya mzaha na nesi. Sikwenda kanisani. Nimeomba nimekaa chini, koridoni, bila sauti. Kifua kinawaka.

Jumanne, 20 Juni
Mvua tangu asubuhi. Okumu ameamka. Maziwa baridi, vijiko vitatu.
"Mpishi."
"Naam, Fundi."
"Lile gauni. Liloweke kwenye munyu, damu itatoka."
Nikamwambia sawa. Akafumba macho. Nikadhani amelala.
"Vile vidonge unavyo hapo?"
Ninavyo, mfukoni.
"Tafuna basi. Unajikunja kama ngisi tangu umeingia."
Nikatafuna mbele yake, viwili, akinitazama. Hakucheka. Akageukia ukuta, lakini mkono wake ameuacha kwenye goti langu.
Jumapili nitasimama tena pale kanisani. Hakutakuwa na vigelegele.
Sikupona. Sijapona hata siku moja.