Jiko la Pumba Halina Moteur

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Twahiru,

Assalam alaykum. Hali yako? Kile kikohozi cha Desemba kimekuacha, au bado unakunywa vitu baridi kwa ukaidi wako? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti la baba linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linatulia.

Barua hii nampa Akilimali wa vitenge, anakuja huko kwako Lubumbashi kesho kutwa. Kwenye simu nikimtaja baba, laini hukatika, nami najua laini haikatiki yenyewe. Karatasi haikatiki, kwa hiyo soma mpaka mwisho hata ukikasirika.

Huku mafuta ya magari bado tabu. Magari yamelala, na gereji ya baba ilikuwa inashinda kimya, yeye amekaa juu ya tairi na redio yake. Makaa nayo yalipanda mpaka nikaona mandazi yangu yatanila mimi. Ndipo nikakumbuka jiko lako.

Ndiyo, lile lile. Ulilikata kwenye pipa la oili la baba, ukasimamisha bomba lenye matundu katikati, ukashindilia pumba za mpunga pembeni. Nilikuwepo siku baba aliposema mbele ya mafundi wote kwamba pumba ni ya kuku, na kwamba wewe hufai kushika hata spana. Ulimi hauna mfupa, Twahiru. Wiki ile ile ukaondoka, na huu ni mwaka wa tatu. Jiko likabaki nyuma ya banda la kuku. Baba hakulitupa, mimi nilidhani amelisahau.

Nikalisugua kutu. Pumba nikaomba kwa Léonce, mwenye kinu cha mpunga kule Gihanga, ambaye alikuwa anazichoma tu kando ya barabara. Alinijazia magunia huku akinicheka. Siku ya kwanza moshi ulitoka hadi jirani yetu Fadhila akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani tunaungua. Kumbe sikuwa nimeshindilia vizuri. Siku ya pili likawaka safi, na kujaza mara moja kukanitosha asubuhi nzima.

Baba akaja akachuchumaa mbele ya jiko, na goti lile bovu. Kesho yake nikamkuta anapima bomba lako kwa kamba.

Tangu hapo nyundo haijanyamaza. Kipya kinyemi: wanawake wanatoka Musaga na Gasenyi kuagiza majiko. Léonce hachomi pumba tena, anazishona kwenye magunia na kuzileta mjini, na kicheko chake kimekwisha. Kitu kilichokuwa takataka Gihanga sasa kinapika chai Buyenzi, na ni wewe uliyekiona kwanza. Huwa nakaanga huku najivuna peke yangu.

Sasa nisikilize vizuri. Shirika moja lilitangaza shindano la biashara mpya. Nikamsukuma baba mpaka akakubali. Tukaenda ofisini kwao, mtaa wa Mutanga Nord, yeye amevaa kanzu ya Ijumaa, tukapewa fomu ya Kifaransa. Unajua Kifaransa cha baba ni cha gereji. Palipoandikwa «promoteur» yeye akaona moteur, injini, akaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Mama wa mapokezi, Médiatrice, akamwuliza kwa upole inakuwaje mradi usiwe na promoteur. Baba akamjibu, "Apana, mama, haina moteur. Inawaka na upepo tu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Médiatrice hakucheka. Akamwambia, "Mzee, promoteur ni ule mutu mwenye wazo lilianzia kwake."

Baba akaishika kalamu tena. Nilidhani ataandika jina lake, na nani angembishia? Majiko yote yale ameyagonga kwa mkono wake. Akaifuta HAKUNA kwa mstari mmoja, akaandika jina lako kamili, lote, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Nililia pale pale mbele ya watu, wala sioni aibu.

Tumepita hatua ya kwanza. Atakayeshinda atapewa karakana na mashine ya kuchomelea kwa mwaka mzima. Lakini tarehe 14 Aprili, wiki mbili baada ya Idi, promoteur lazima asimame mwenyewe mbele ya waamuzi wa shindano. Nilimshauri baba tubadilishe jina. Akakataa, akasema ameshamnyang'anya mwanawe kitu kimoja, na hicho kinatosha.

Sisemi alikuwa na haki siku ile. Hakuwa nayo. Na unamjua, kumwomba mtoto radhi ni jambo ambalo yeye na wazee wenzake hawakufundishwa. Mimi sitaki kukulazimisha. Nimekukumbuka tu, mdogo wangu. Kila ninapopakua chakula cha jioni nahesabu sahani na kukosea, natoa moja zaidi.

Mama mdogo Mwanvua anakusalimu, anauliza kama huko wanakupikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, au unakula mikate tu. Fadhila wa ndoo anakusalimu sana. Léonce anasema ana neno la shukrani, ila atalitoa mbele yako.

Baba amenikuta hapa naandika. Akasimama mlangoni akijifanya anatafuta koleo, kisha akasema, "Muandikie hivi: kwenye ile fomu, mara ya kwanza sikukosea. Jiko yetu haina moteur. Moteur iko Lubumbashi."

Akatoka bila koleo.

Mola akulinde uendako na urudiko.

Wako akupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
dada yako Saliha