Konokono wa Daktari

Jumanne, Juni 1979

Mkono wangu una akili zake, na si nyingi.

Jumamosi yule Daktari wa jumba la makumbusho aliniachia gamba la konokono wa baharini, lenye umbo la pia ya kuchezea watoto, lililogeuka jiwe. Alisema aina hiyo ilikwisha duniani zamani sana, kabla ya watu. Akataka nimchongee mfano wake kwa mti, ili watoto wa shule washike huo badala ya lile lenyewe. "Lako ni kulitazama tu, Mutua," aliniambia.

Leo nimemaliza kuchonga. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi ya viatu kama tunavyopaka vinyago vya twiga vya kuwauzia watalii, nikasugua kwa kitambaa huku nikimsimulia jirani habari za nyumbani Machakos. Nilikuwa nasimulia vizuri sana. Nikaweka chini kitu cha kwanza, nikaokota cha pili, nikaanza upya na msasa.

Cha pili kilikuwa kizito kama jiwe. Hata hilo halikunishtua.

Mke wangu Mwende alipokiona alikigeuza mkononi. "Lakini kimetoka kizuri," akasema. Kweli, kimekishinda kile cha mti.

Nimekiosha kwa sabuni na mswaki. Weusi umetoka nusu, ila ile mistari midogo iliyoliwa na msasa hairudi. Kesho Daktari anakuja. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajauliza.

Konokono huyu amekaa ardhini tangu kabla ya binadamu, asiharibiwe na yeyote. Hapa mtaani kwetu Jericho, mikononi mwa fundi, amedumu siku tatu.