Kikwembe Kiunoni mwa Ilunga

Likasi, Jumanne

Kumbe ni miye niliyemzidishia maumivu ya mgongo. Miezi mitatu nilimfunga mtoto wangu Ilunga kikwembe, kitenge changu cha kujifunga, kiunoni, kwa nguvu, vile wanatufunga sisi wanawake tukishazaa, tena nilimkataza kuinuka kitandani. Ilunga wangu, aliyebeba magunia mawili ya mawe pale machimboni Shituru, wenzake wakibeba moja! Mtaa mzima niliwaambia nitamponyesha mwenyewe.

Leo daktari ametazama picha ya mgongo. Hakuna mfupa uliovunjika. Gunia lilimshtua mgongo, lakini kulala ndiko kumelegeza nyama zake. Akafungua kikwembe: "Mama, atembee kila siku, hata kama inauma."

Ilunga akacheka. "Mama, ulinifunga sawa na muzazi. Mutoto iko wapi?"

Sikuweza kucheka.

Jioni alitembea mpaka barabarani, ameshika ukuta, machozi yanamtoka. Nikakimbia kumshika.

"Acha, mama."

Nikaacha.

Nimezaa sita, na wote sita wametembea mapema kuliko watoto wa majirani, kwa sababu niliwashika mkono. Huyu sasa, bila kumshika, nitamsaidia namna gani?