Mteja Asiyeingia Bila Karibu

Jumatatu, 3 Machi

Mteja mpya leo, wa mwisho. Jua lilikuwa limeshazama. Alikataa miadi yote ya mchana. "Ngozi yangu haipatani na jua," alisema kwenye simu, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

Alipofika alisimama kwenye kizingiti cha mapokezi. Haingii. Mlango uko wazi, viti vitupu, feni inazunguka, na yeye kasimama tu, kofia mkononi. Nikasema lile neno langu ninalolisema kutwa nzima, hata usingizini: "Karibu!" Akafumba macho kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu.

"Ahsante sana," akasema. "Wengi siku hizi wanasema 'pita' tu."

Akaingia.

Kazi yangu ni kumuuliza kila mteja tatizo lake kwa kifupi, ili Dokta asishtukizwe. Akasema: upweke. Na kinywaji. Kinywaji gani? Damu — alisema hivyo kama mtu anayesema chai isiyo na sukari. Nikaandika "unywaji". Najua watu wenye msongo husema mengi. Lakini huyu hakuwa na msongo. Alikuwa na meno.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsimulia Dokta habari za yule mteja, amecheka mpaka akavua miwani.

Wacha niandike juu ya Dokta, nijitulize. Ni mshauri wa ndoa na wa nafsi. Aliachika zamani, na husema talaka ndiyo shahada yake ya kwanza. Haamini mashetani, nyota, wala dawa za mapenzi. Hata mapenzi yenyewe haamini — anayaita "homa ya ubongo, hupoa yenyewe." Lakini ndiye aliyeniajiri wakati kila ofisi ilitaka mtu mwenye uzoefu. Ningemtetea hata mbele ya simba. Kwa mbali.

Ila ana kasoro moja: hodi haijui. Anasukuma tu mlango na kuingia, iwe stoo, iwe jikoni, hata chooni nikiwa ndani! Mwaka jana alikuja nyumbani kunijulia hali, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwangu. Bibi yangu alikuwa amekaa sebuleni, mdomo wazi. Hakuwahi hata kupata nafasi ya kumkaribisha. Mpaka leo Bibi huuliza: "Yule msomi wako asiye na hodi hajambo?"

Mteja tumempa jina, Bwana Jioni. Dokta anasema kunywa damu ni taswira tu. Maana yake hakunyonya vya kutosha utotoni.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba cha ushauri kina kioo kikubwa ukutani. Wateja huambiwa wajitazame na wajisemee jambo jema. Niliingia na glasi ya maji wakati Dokta anamuuliza Bwana Jioni, "Unaona nini?"

"Kiti," akajibu.

Nikatazama kiooni. Kweli. Kiti.

Maji yalimwagika kidogo. Dokta alikuwa ameinama anaandika kwa kasi. Baadaye akaniambia, macho yanang'aa, kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona mtu aliyejidharau kiasi hicho. Mtu hajioni kabisa!

Nikasema kwa sauti ndogo, "Dokta, hata mimi sikumwona."

"Unaona sasa? Umeanza kubeba hisia za wateja. Weka mipaka, mwanangu."

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Bibi. Nilidhani atashtuka. Alichoshangaa yeye ni miadi tu.

"Mumiani anapiga simu na kuandikisha zamu? Enzi zetu walikuwa na haya, wanavizia vichochoroni. Siku hizi wanakaa kwenye foleni na kupewa maji!"

Nikamuuliza, kama mzaha, ikiwa mumiani haingii mpaka aambiwe karibu, afanyweje? Akasema si kazi. Aachwe hapo hapo nje. Mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, huenda zake. Hiyo ni sheria ya kila kiumbe mwenye adabu, hai au vinginevyo. Kisha akanyanyua kidole: "Lakini nyumba hii mgeni hajawahi kufikisha ya tatu. Na mimi sitaanza uzeeni."

Sijalala vizuri. Kwa sababu nani alimwambia karibu pale ofisini? Mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya jaribio. Niliwahi kusoma kwamba neno la kuingilia ni la ziara moja tu. Labda kila ziara inahitaji lake! Bwana Jioni alipofika nikajifanya nahangaika na kompyuta. Akasimama. Nikaandika maneno yasiyo na maana, lakini kwa bidii. Akaendelea kusimama. Ncha za viatu vyake zilikuwa kwenye kizingiti, hazivuki hata kidogo.

"Hujanikaribisha," akasema taratibu. Hakukasirika. Kama anayekukumbusha umesahau mwavuli.

Hapo Dokta akatoka. "Umemwacha mteja mlangoni kama mdai?" Akageuka kwake, sauti ikawa asali: "Karibu, karibu sana! Jisikie nyumbani."

Nyumbani! Alilisema hilo neno na mimi nikiwa nimekaa pale pale, sijafanya lolote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepewa onyo kwa kukosa ukarimu. Sijawahi kupewa onyo maishani, hata shuleni. Limenitia homa.

Askari wa getini ananicheka. "Karani, yule mgeni wako nimemmulika tochi mwanga ukapita! Au ni macho yangu?" Nikamwambia basi amzuie. Akasema yeye analinda vitu, si shingo za watu.

Jambo jingine. Dokta amepaka rangi ya mdomo. Na anapiga mluzi! Mwembamba, wa zamani, kama wimbo wa watu waliokufa wakiwa na furaha. Nikauliza kama ni wimbo mpya. Akasema amefundishwa na rafiki. Dokta hana rafiki. Husema urafiki ni ushauri usiolipiwa.

Jumanne, 18 Machi

Kimekuja kikundi.

Dokta ameanzisha tiba ya pamoja, maana Bwana Jioni ana "jamaa wenye taswira inayofanana." Giza lilipoingia wakajipanga kwenye korido, weupe kama karatasi za printa, hakuna anayevuka. Mbele yao bikizee mmoja mwenye mkoba. Niliapa sitasema neno. Nikang'ang'ana. Nikatazama dari.

"Mwanangu," akasema yule bikizee, "magoti yananiuma. Nimesimama tangu enzi za babu yako. Sema basi."

Nifanye nini? Nimelelewa! Mtu mzima, magoti, mkoba. Neno likatoka lenyewe. Wakaingia wote, kila mmoja ananishukuru. Sijawahi kukutana na wateja wenye adabu kama hawa. Wazima huwa wananirushia begi.

Walikaa duara. Mlango ulibaki wazi, nikasikia. Kijana mmoja alisema hajauma mtu tangu Jumapili. Wakampigia makofi. Mwingine akaungama kwamba anamtamani jirani yake, ila kwa njia nzuri. Dokta akamuuliza hiyo njia nzuri ikoje. Akajibu, kwa kumeza polepole. Dokta akasema ameguswa sana na lugha yake ya picha.

Mwishoni Bwana Jioni akasema kwamba yeye hahitaji tena kikundi. Amepata mtu anayemsikiliza. Dokta akaangusha kalamu, na alipoinama kuiokota shingo yake ilibaki wazi, na wote kumi, naapa, wakaacha kupumua. Halafu nikakumbuka kwamba hata kabla ya hapo walikuwa hawapumui.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimejikaza. Nimekunywa maji, nimepiga hodi ofisini kwake, nimesema yote. Kioo. Kizingiti. Tochi ya askari. Kikundi.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kama anavyowasikiliza wanaolipa. Kisha: "Nani alikuachia hofu hii? Ni bibi, sivyo?"

Akanifundisha kuvuta pumzi. Nikavuta. Haikusaidia, maana aliponyoosha mkono kunionyesha, skafu yake mpya shingoni ililegea. Vitobo viwili. Vidogo, safi, kama vya kitoboa karatasi.

"Dokta! Shingo!"

"Najua," akasema, na akaona haya kama msichana wa shule. "Ana tatizo la kutafuta ukaribu. Tunalifanyia kazi."

"Amekuuma!"

"Amenieleza mahitaji yake. Mume wangu miaka kumi hakuwahi kunieleza haja yake hata ya chumvi."

Kwa kweli, kwa hilo, nilimwelewa.

Halafu akaniambia kwamba kesho anamkaribisha kwake. Nyumbani kwake, kwa mara ya kwanza. Nilisahau cheo changu, nikamshika mkono. Dokta, kutana naye popote. Hapa, barabarani, hospitali ikiwezekana! Lakini nyumbani usimkaribishe. Hapa ofisini kuna mimi, kuna askari, kuna taa. Kule ukilisema lile neno utabaki peke yako naye.

Alinitazama kwa huruma. "Siamini mumiani, mwanangu. Naamini watu wapweke. Karibu ni neno tu."

Akatoka. Akaingia chumba cha jirani bila hodi, nikasikia mhasibu akipiga yowe.

Ijumaa, 21 Machi

Ametoka mapema. Kabeba maua na mishumaa. Amejipulizia manukato mpaka askari kapiga chafya. Nilitaka kumfuata. Nilifika getini. Nikarudi.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuja asubuhi. Hakuja mchana. Wanandoa wawili walimsubiri, wakagombana, wakapatana wenyewe, wakaondoka.

Jioni simu ikalia. Sauti ni yake, lakini imetulia mno, kama redio iliyozimwa nusu. Niahirishe wateja wote wa mchana. Kuanzia sasa kliniki ni ya jioni.

Nikauliza kama yuko salama.

"Sijawahi kuwa salama hivi! Na usianze mambo yako ya mumiani, bado siyaamini. Ni jua tu limenikataa kidogo."

Nikamwambia naumwa, sitakuja kesho. Si uongo. Tumbo, kichwa, magoti, vyote.

"Pole mwanangu," akasema. "Basi tutakuja kukujulia hali."

Tutakuja. Wingi.

Jumanne, 25 Machi

Mchana wote niko kitandani. Nimemwambia Bibi kwamba akija mtu jioni asijibu. Nilimweleza kila kitu: Dokta, shingo, jua. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Kwa hiyo bosi wako anakuja kukutazama mgonjwa, nami nijifanye maiti?"

"Ndiyo, Bibi."

"Aa. Na yule huwa hasubiri kujibiwa. Ataingia mwenyewe kama kawaida yake."

Hilo lilinipa moyo, nashangaa kuliandika. Nikaanza kuomba aje. Aje na fujo zake, asukume mlango, aingie mpaka huku na viatu. Akifanya hivyo nitajua yuko salama. Nitacheka. Nitarudi kazini kesho na kuomba radhi, na onyo jingine nitalipokea kwa mikono miwili.

Jua limezama. Naandika nimefunga chumba. Nasikia nyayo nje. Jozi mbili, moja nyepesi kuliko nyingine. Mluzi — ule ule, wa waliokufa na furaha. Ukakatika mlangoni.

Mlango wa sebule haujafungwa kwa komeo. Haujafungwa kabisa, umerudishwa tu. Bibi huuacha hivyo mpaka wakati wa kulala. Mtoto angeusukuma kwa kidole.

Hakuna anayeusukuma.

"Hodi," sauti ya Dokta. Taratibu. Ya heshima.

Dokta! Hodi!

Namsikia Bibi anacheka kwa furaha, anatafuta kandambili zake chini ya kiti. "Umesikia, mjukuu wangu? Msomi wako leo kafunzwa adabu!"

Nimemwambia kupitia mlango asijibu. Nimemsihi. Akasema nisimfundishe mambo ya wageni, mimi mtoto wa juzi.

"Hodi."

Ya pili. Na bado hawajasogea. Nawaona kupitia ufa wa dirisha: yeye na skafu yake, Bwana Jioni na kofia mkononi, wamesimama sambamba kama maharusi. Viatu vya Dokta kwenye kizingiti. Havivuki hata kidogo.

Ikipita ya tatu bila jibu wataondoka. Moja tu imebaki. Kitu pekee cha kufanya ni kwenda sebuleni na kumziba Bibi mdomo kwa mkono wangu. Bibi! Aliyenilea! Mkono wangu mimi?

Nimeshika kitasa.

Bibi amezipata kandambili. Anakohoa kidogo, anasafisha koo, kama afanyavyo kila mara kabla ya