Maikrofoni ya Masereka

Bwera, Juni 2014

Kaka yangu Eridadi,

Wasibire, mwana wa mama. Natumaini mguu wako umepungua uvimbe, na kwamba upepo uliong'oa mabati huko Muhokya haukugusa nyumba yako. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha.

Ujumbe wako ulinifika jana. Unasema unakuja na wazee wa ukoo kumtoza mbuzi Masereka, fundi wetu wa redio, kwa sababu maikrofoni aliyoitengeneza ndiyo iliyomvunja taya mwanao Mumbere. Kabla hamjapanda gari, soma barua hii mpaka mwisho. Isome peke yako.

Unajua redio yetu ilivyokuwa ikisikika. Ile maikrofoni ni ya Kichina, ya bei ya chini, iliingia kwa mpaka wa Mpondwe ndani ya gunia la vitenge. Ina lampu ndogo ya kioo tumboni, kama zile za redio za wazee, na boksi lake lilijisifu kwamba lampu hiyo huipa sauti joto. Joto hatukuliona. Kila tulipotamka "s" ililia kama mafuta ya chapati, na maneno mengine yote yalitoka kama ya watu waliofungiwa ndani ya pipa. Meneja akamwambia Masereka aitengeneze au arudi kwao kuuza mahindi. Mbele ya wageni alimwita fundi wa pasi.

Masereka aliifungulia mezani pangu. Alinieleza kwamba umbo lake halina kasoro, ila waliotengeneza walibania vitu vya ndani. Akatoa ile lampu na kuweka nyingine aliyoiokoa kwenye amplifaya ya kanisa iliyokufa zamani. Akang'oa kapasita duni zinazopitisha sauti, akalehemu nzuri zaidi. Mwisho akatoa wavu wa ndani wa kichwa na kuacha wa nje tu, maana sauti, alisema, ilikuwa ikigonga ule wa ndani na kurudi. Tulipoijaribu nilisikia ulimi wangu ukiachana na meno. Mwanamke mmoja wa sokoni alipiga simu kuniuliza kama nimekula njugu.

Watu walimcheka Masereka hata kwa hilo. Wauza samaki walimsimamisha njiani wakimwambia, "Fundi, weka sikio hapa, ambia batu tumbo yangu inasema nini." Alicheka nao. Alikuwa na furaha, naandika nilichokiona.

Wiki hiyo nilimhoji Mumbere. Alikuja mwenyewe. Alieleza jinsi Asanasio, tajiri anayeshika kazi yote ya kupakua malori mpakani, anavyowachapa kwa waya wapagazi wanaokataa mzigo, na jinsi alivyomponda mmoja vidole kwa mlango wa lori. Nilimtaka achague jina la kumficha. Akasema, shangazi, niite Mumbere tu. Nilikubali. Kila nyumba ya Kikonzo iliyotangulia kuzaa mvulana ina Mumbere wake, na pale Mpondwe ukiliita jina hilo nusu ya foleni inageuka. Jina lake la kweli lilimficha kuliko la uongo. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, na hakuna Mumbere aliyewahi kuguswa.

Kipindi kilirushwa Jumatano mchana. Alhamisi watu wa Asanasio walimchukua nyuma ya stoo za kahawa. Walimwamuru asome taarifa ya habari. Aliponyamaza walimpiga mbavuni, alipoongea walimpiga mdomoni, wakiulizana wao kwa wao kama redio inasikika vizuri. Taya imevunjika pande mbili, na macho yamevimba. Madaktari wameifunga kwa waya, na anakunywa uji kwa mrija.

Mji uliamua upesi kwamba kosa ni la maikrofoni. Zamani, walisema, akina Mumbere wote walikuwa na sauti moja. Masereka ndiye aliyempa kila mmoja mdomo wake. Meneja alimwambia mbele yetu kwamba angetumia nyundo tu, angeokoa risasi ya kulehemu. Masereka aliifungua tena. Alirudisha lampu ya Kichina, akarudisha kapasita duni, akarudisha wavu. Sasa sote tumo ndani ya pipa tena. Alikwenda hospitali kuomba msamaha, na Mumbere, kwa kuwa hawezi kusema, alimwonyesha mlango kwa mkono.

Mimi pia niliamini hivyo kwa muda. Lakini watu wa Asanasio hawakumjua Mumbere. Ni mgeni mpakani, na sauti hata iwe safi namna gani haimwambii mtu mwenye sauti hiyo analala wapi. Wao walikuwa wamekwenda kwanza chumbani kwake. Mtu aliwaelekeza.

Jumatatu nilikuja Muhokya, kaka. Sikupita kwako. Nilikaa kwa Rehemah, yule muuza chai wa kando ya barabara ambaye redio yake haizimwi. Alinieleza bila kusita, akidhani ananiletea sifa za nyumbani. Alisema Jumatano ulikuwa pale, na sauti ilipotoka ulisimama, ukapiga meza. "Nyamazeni! Yule ni wangu! Sikieni anavyovuta pumzi kabla ya neno, kama marehemu baba." Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akila chapati alikuuliza kwa upole, "Muzee, iko mutoto yako kweli? Bamumbere beko mingi." Ulikasirika kwamba hakuamini. Ukamtajia kazi ya mwanao, ukamtajia nyumba anayolala nyuma ya soko, ukamwambia ana kovu juu ya jicho. Dereva akakulipia chai. Lori lake lilipita tena nikiwa hapo, na Rehemah akanionyesha. Ni la Asanasio.

Tangu Mumbere alipokataa shamba lako la pamba hamjasemezana. Rehemah anasema hiyo ndiyo siku ya kwanza kukusikia ukimsifu. Mumbere mwenyewe hajawahi kukusikia.

Sijamwambia yeye, wala Masereka. Meneja anawangoja wazee ili amfukuze fundi mbele yao. Nikiitwa kwenye kikao hicho nitasema nilichothibitisha, nawe ukiwa umekaa. Afadhali wakisikie kwako.

Anzia hospitali. Macho ya mwanao bado yamefungwa na uvimbe, hatakuona. Ukifika mlangoni, sema neno lolote. Atakujua.

Msalimie mama Ronah na watoto. Wazee nao uwasalimie, kama bado watakuja.

Ni mimi dada yako,
Bulandina