Ng'ombe wa Mzee Luhende na Mgeni wa Benki

Kahama,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa jikoni karibu na moto, maana baridi ya Lushoto naijua. Kikohozi kimekwisha? Na ng'ombe wako Pendo, bado anampiga teke dada Neema akimkamua? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa hata, joto la huku limeshindwa kunikondesha.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, kwenye simu wewe hunipi nafasi, nikianza sentensi unaimalizia. Habari hii nataka uisikie yote. Neema akusomee polepole, na wewe unyamaze. Nakupenda sana, lakini unyamaze.

Habari yenyewe ni kwamba nataka kuoa. Haya, kaa chini, maji ya kunywa yako hapo. Anaitwa Minza, ana mashine ya kukoboa mpunga hapa Kagongwa, jirani na sisi. Na juzijuzi nusura nimkose kwa ujinga wangu mwenyewe.

Nianzie kazini, ndipo utaelewa. Tawi letu lilipata mgeni kutoka Ulaya, Bwana Stefan. Benki yake haina dirisha la kuweka na kutoa kama yetu. Inatunza mali za matajiri tu. Wanataka kujua wapeleke watu wao sehemu gani ya dunia, kwa hiyo wanalinganisha matajiri wa huku na wa kule. Bwana Stefan ni mcheshi, tukiwa njiani ananisimulia. Tajiri wa Ghuba, kule Uarabuni, anasema, mtakunywa naye kahawa mpaka amjue babu yako, ndipo atataja fedha. Wa Asia ya mashariki hana muda wa kahawa, anataka aone faida kwenye simu yake kabla hujakaa. Wa kwao Ulaya alirithi, na kinachomnyima usingizi ni kodi. "Na wa kwenu je?" akaniuliza. Nikamwambia mimi ni Msambaa, hata mimi ni mgeni huku, twende tukaulize.

Basi tukazunguka. Geita tulikutana na wanunuzi wa dhahabu. Mama, wale watu! Leo amejenga ghorofa Mwanza, kesho ameliuza, fedha yote ameirudisha kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na bado anacheka. Bwana Stefan akamwuliza mmoja kama hana mpango wa miaka ishirini ijayo. Jamaa akamwangalia kwa huruma, akamwagizia soda.

Kagongwa ndiko nilikompata Minza, miezi kadhaa kabla ya ziara hiyo. Nilikuwa natafuta wateja wa benki, nikaenda kumhoji anaweka wapi faida yake. Akasimama mlangoni, pumba zimemjaa hadi kwenye nyusi. "Wewe ni mtu wa kodi?" Nikasema hapana. "Basi ni mwizi," akasema, akanifungia mlango. Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena, mpaka siku moja akaniletea kiti na bakuli la michembe, vile viazi vitamu wanavyovikausha, akasema, "Kula, maana naona huondoki." Mama, nilimpenda pale pale. Hata sasa nikiandika natabasamu peke yangu kama zuzu.

Baba yake ndiye Mzee Luhende, anaishi kijijini, si mbali na Kagongwa. Kila mtu anasema ni tajiri wa ng'ombe, lakini ukifika kwake zizini wako wachache tu, wa kukamuliwa. Minza alinieleza kuwa waliobaki wako kwa marafiki, wengine Masumbwe kwa Mzee Kulwa, wengine Buseresere. Rafiki anawatunza, anakunywa maziwa, analimia madume. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona, na hakuna jicho baya linalojua una kiasi gani. Bwana Stefan aliposikia alipiga paja. "Hicho ndicho tunachofanya sisi!" akasema. Akataka amwone mzee huyo na mali yake kwa macho.

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Nilitaka kumfurahisha bosi, na nilitaka baba mkwe aonekane mkubwa. Nikamwambia Mzee Luhende ingefaa ng'ombe wake wote wawe pamoja mgeni akija. Akasema, "Haya," kisha akaanza kuzungumzia mvua. Mtu wa huku akikuambia haya halafu akageukia mvua, amekukatalia kwa heshima. Mimi ningejulia wapi? Kwetu ng'ombe ni Pendo, yuko bandani nyuma ya nyumba, anayetaka kumwona anazunguka tu. Nikachukua simu nikampigia Mzee Kulwa mwenyewe, nikamwambia mzee anahitaji ng'ombe wake nyumbani Jumamosi.

Mama wee! Jumamosi tumekaa uani, Bwana Stefan amevaa kofia, mara Fuso likaingia limejaa ng'ombe. Akashuka Mzee Kulwa, na mkewe nyuma yake analia. Kumbe mtu huku harudishi ng'ombe wake hivihivi. Ama anakufa na anagawa urithi, ama mwenzake amemtenda. Majirani nao walishasikia, wakaanza kuingia na khanga kichwani kama wanaokuja msibani.

"Luhende, unaumwa?" Kulwa akauliza.

"Siumwi."

"Basi nimekukosea nini? Ng'ombe hao hapo. Ndama waliozaliwa nao nimeleta, usije ukasema nimekuibia."

Mzee mzima, Mama, akaanza kuwahesabu ndama kwa kidole, mmoja mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Minza aliniangalia mara moja tu, akajua ni mimi.

Mzee Luhende akainuka, akamshika mwenzake mkono, akaongea kwa sauti ili kila mtu asikie. "Ng'ombe hawa ni wa Kulwa. Kuna mtoto alipiga simu bila kujua alichokuwa anakisema. Kulwa, umekuja kunitembelea, kaa ule, kisha urudi na ng'ombe wako." Bwana Stefan akanigusa bega. "Kwa hiyo huyu mzee hana kitu?" Nikamwangalia Mzee Luhende, naye akaniangalia. Nikajibu, "Hana, bwana. Wale wachache wa maziwa tu." Akaandika hivyo hivyo. Nasikia benki yake imechagua Ghuba, na mimi nimebaki na dirisha langu hapa Kahama, sina kinyongo.

Wazee walikula wakacheka, Fuso likarudi Masumbwe. Lakini mimi sikuagwa. Minza hakupokea simu yangu siku nyingi. Nilikwenda mashineni nikaambiwa hayupo, na namwona kabisa nyuma ya magunia. Chakula hakipiti, kazini nahesabu vibaya. Mama, niliogopa kweli. Nilishaanza kupanga niombe uhamisho nirudi Lushoto.

Jana Mzee Luhende akaniita. Nilikwenda. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Aliingia zizini, akatoka na mtamba mwekundu, akanikabidhi kamba. "Huyu ni wangu. Kaa naye."

"Mzee, mimi nimepanga chumba kimoja!"

"Utajua mwenyewe," akasema, akaingia ndani. Nje nikamkuta Minza anacheka mpaka machozi. "We Elia, baba hampi mtu baki ng'ombe," akaniambia. "Ulipomfichia mali yake mbele ya yule mgeni, unajua alimwambia nini mama? Alisema huyu anaweza kutunza." Basi mtamba huyo yuko uani kwa mama mwenye nyumba wangu, ameshakula mchicha wake wote, na nimefukuzwa mara mbili tangu asubuhi.

Nisalimie dada Neema na mwambie nimemnunulia kitenge. Msalimie mjomba Zakaria, ndiye atakayetusemea kwenye posa, aanze kulainisha sauti. Bibi mwambie nakula vizuri. Mashemeji na majirani wote wape salamu zangu.

Nilipokuwa naondoka na ile kamba mkononi, mzee alinifuata mpaka njiani. Nilidhani atanitajia mahari. Hakutaja mahari, hakuuliza mshahara wangu wala ukoo wetu. Aliuliza jambo moja tu, nami nalileta kwako kama alivyolisema: mama yako anakuja lini?

Mwanao,
Elia